Zabibu ya Masika si Zabibu ya Kiangazi

Kwa mgeni apitaye Dodoma kwa basi, mizabibu ni ajabu. Nchi ile ni kame. Mvua yake ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 600 au pungufu, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili, kisha huondoka kana kwamba haikupata kuwapo. Na bado mizabibu imesimama kwa mistari, juu ya nguzo na nyaya, majani mabichi, vishada vimening'inia. Mgeni hununua zabibu dirishani mwa basi, akala, akasahau. Asichokijua ni kwamba zabibu alizokula mwezi wa Machi si zile ambazo angalizikuta mwezi wa Agosti, ijapokuwa zimetoka katika shina lile lile la mkulima yule yule. Leo tunataka kulizungumza jambo hilo, kwa sababu katika tofauti hiyo ya Machi na Agosti ndimo linamopotelea jasho la watu wengi.

Sisi tunaoandika safu hii tulikaa chuoni mbele ya msahafu kabla ya kukaa darasani mbele ya mwalimu wa serikali, na mvinyo hatuunywi. Wako wasomaji watakaouliza, basi tuna shughuli gani nao? Jibu letu ni fupi. Katika Surat an-Nahl zabibu zimetajwa pamoja na mizeituni na mitende miongoni mwa mimea inayooteshwa kwa maji ya mvua, na mkulima wa Dodoma, awe wa dini gani, analima kwa mvua hiyo hiyo. Afanyacho mnunuzi na zabibu baada ya kuzinunua ni hesabu yake mwenyewe. Alipwacho mkulima kinatuhusu sote.

Katika nchi za baridi mzabibu hulala. Majani hupukutika, shina likabaki kama kuni kavu hadi joto la Aprili liliamshe, na kwa hiyo mwaka una mavuno mamoja tu. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, kwenye uwanda wa juu wa mita 1,100 hivi, na hapo hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Kinachouamsha ni mkasi wa mkulima. Siku anapopogoa ndiyo siku ambayo mwaka wa mzabibu huanza, na baada ya miezi minne hivi zabibu zimeiva. Ndiyo maana shamba moja la Dodoma huvunwa mara mbili. Likipogolewa baada ya mvua kuondoka, huvunwa kiangazi, katika Agosti na Septemba. Likipogolewa kabla ya mvua kuanza, huvunwa katikati ya masika, Februari hadi Machi au baadaye kidogo. Udongo ni ule ule, mikono ni ile ile, hata mbegu ni ile ile, tuseme zabibu nyekundu iliyochukua jina la Makutupora. Kilichobadilika ni hali ya hewa peke yake. Kwa mtu anayetaka kujua hali ya hewa inafanya nini ndani ya mvinyo mwekundu, hakuna darasa lililo bora kuliko shamba hilo moja.

Na tutazame inafanya nini. Maua ya mzabibu ni madogo mno, hayana rangi ya kumvuta mtu, na mpita njia hayaoni. Mvua kubwa ikinyesha katika siku chache za uchanuaji, chavua huoshwa, maua hupukutika bila kushika, na kishada hutoka na mapengo kama kinywa cha mzee. Hasara hiyo mkulima anaiona mapema, naye huinyamazia, kwa sababu hakuna wa kumshitaki.

Baada ya hapo tunda hukua likiwa kijani na chachu, hadi siku linapoanza kugeuka rangi. Hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo wengi hawalijui. Maji ya zabibu nyekundu, kwa karibu aina zote, si mekundu. Ukizikamua na kuyatenga mara moja, hutoka meupe. Wekundu uko katika ganda. Ukakasi ule unaoshika ulimi nao umo katika ganda na mbegu. Mtengenezaji wa mvinyo mwekundu huuacha mchuzi wa zabibu uchachuke pamoja na maganda yake ili uyanyonye. Kwa hiyo tunda dogo lenye ganda nene lina thamani kwake kuliko tunda kubwa lililojaa maji, kwani katika tunda dogo kiasi cha ganda ni kikubwa kwa kila lita ya mchuzi. Kiangazi cha Dodoma hutoa tunda dogo. Mizizi hutafuta maji chini, mzabibu hujinyima, na nguvu yake huelekea kwenye kishada badala ya kuelekea kwenye majani.

Kisha kuna usiku. Mchana wa jua hutengeneza sukari katika jani na kuipeleka katika tunda. Usiku wenye joto huunguza uchachu wa tunda na kuizuia rangi isikolee. Usiku wa baridi huvihifadhi vyote viwili. Mwezi wa Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14 za Selsiasi, na anayelala nje hujua maana yake. Zabibu zinazoiva baada ya usiku wa namna hiyo huwa na utamu na uchachu kwa pamoja, jambo ambalo waonjaji wanasema ndilo linaloufanya mvinyo usimame. Katika Februari usiku una joto na mawingu hufunika mchana, basi sukari inachelewa na uchachu unakimbia.

Tena masika huja na maradhi. Ubwiri vinyoya hutaka jani lililolowa, nalo masika hulilowesha kila siku. Ubwiri unga hauhitaji hata mvua, unatosheka na hewa nzito na kivuli cha majani yaliyosongamana. Dawa kongwe ya ubwiri vinyoya ni mrututu na chokaa, mchanganyiko uliogunduliwa katika mashamba ya Bordeaux nchini Ufaransa katika miaka ya 1880, na hadi leo rangi yake ya buluu huonekana juu ya majani katika nchi nyingi zilimazo zabibu. Lakini mrututu hukaa juu ya jani, hauingii ndani. Katika mvua kubwa kama zile za El Niño za 1997/98 na za 2023/24, dawa iliyopigwa asubuhi huoshwa mchana, na mkulima hana budi kununua nyingine. Na mvua ikija wakati tunda limekwisha iva, maji hupanda haraka kutoka mizizini, tunda hufura, ganda hupasuka, na uozo huingia kwenye kishada chote kwa muda wa siku chache.

Sasa zabibu zafika kwenye mizani. Mizani haijui chochote katika haya tuliyoyaeleza. Mizani inajua kilo. Pale ambapo kilo ni kilo tu, kilo iliyofura maji ya mvua hulipwa sawa na kilo ya kiangazi iliyobeba sukari na ganda, na kwa kweli iliyofura ndiyo humpa mkulima kilo nyingi zaidi kwa kishada. Tuseme lililo kweli: bei ya namna hiyo hununua maji. Inamwadhibu mkulima aliyepunguza vishada ili vilivyobaki viive vyema, na inamtunuku yule aliyemwagilia shamba siku mbili kabla ya kuvuna. Hatusemi haya kwa kuwatukana wakulima. Mwenye watoto wa kusomesha hufuata njia ambayo bei imemwonyesha, na bei ndiyo ya kulaumiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chachu hula sukari na kuigeuza kileo. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya mchuzi huzaa asilimia moja ya kileo. Mchuzi wenye gramu 170 kwa lita utatoa mvinyo wa asilimia 10. Mchuzi wenye gramu 221 utatoa wa asilimia 13. Ni kweli kwamba upungufu wa sukari unaweza kuzibwa kwa sukari ya gunia. Wafaransa wenyewe wamefanya hivyo kwa muda mrefu katika miaka ya jua hafifu, na kazi hiyo wameipa jina la Chaptal, aliyekuwa waziri wa Napoleon. Lakini sukari ya gunia huongeza kileo tu. Rangi ambayo ganda halikuipata kutoka kwenye jua haiuzwi dukani.

Tumewataja Wafaransa, na wanastahili kutazamwa zaidi, maana wao ndio waliolishughulikia kwa muda mrefu jambo hili la shamba moja na mwaka mmoja. Katika jimbo la Burgundy, mashariki ya nchi yao, liko shamba liitwalo Clos de Vougeot. Ni hekta 50 hivi, limezungukwa na ukuta wa mawe, na waliolianzisha ni watawa wa Cîteaux katika zama za kati. Mapinduzi ya 1789 yaliwanyang'anya watawa mali hiyo. Leo ndani ya ukuta ule mmoja wamo wamiliki wapatao 80, wengine wenye mistari michache tu ya mizabibu, kila mmoja akitengeneza mvinyo wake, na wote wakiandika jina moja la shamba juu ya chupa, na mwaka chini yake. Sehemu ya juu ya mteremko hupitisha maji. Ya chini, karibu na barabara, ina udongo mzito unaoyashika. Mwaka wa mvua wenye mistari ya juu hufurahi, na mwaka wa ukame wa chini huweza kupumua. Ndani ya ukuta mmoja, basi, mvua moja haimfikii kila mtu kwa namna moja, na wenyeji wanalijua hilo mstari kwa mstari.

Wanalijua kwa sababu wameandika. Katika mji wa Beaune, jirani na shamba hilo, tarehe za kuanza mavuno ya zabibu zimekusanywa na wanahistoria tangu mwaka 1354, wakipekua vitabu vya malipo ya vibarua na kumbukumbu za halmashauri ya mji. Walipoutoa uchunguzi wao mwaka 2019, dunia ilipata hesabu ya zaidi ya miaka 660. Hadi mwaka 1987 mavuno yalianza kwa wastani tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 yameanza siku 13 mapema zaidi kwa wastani. Mwaka 2003, joto lilipoiunguza Ulaya Magharibi, zabibu zilivunwa ndani ya Agosti, zikiwa na sukari nyingi na uchachu haba, na chupa za mwaka huo zinatambulikana mpaka leo kwa ladha ya tunda lililopikwa na jua. Kuiva mapema si neema tupu. Mzabibu ulioamshwa mapema na joto la Machi hukutwa na jalidi ya Aprili ukiwa na machipukizi mororo. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2021, wakulima wa sehemu nyingi za Ufaransa walipokesha usiku wakiwasha mioto na mishumaa kati ya mistari ili kupasha hewa joto, na wengi wakapoteza sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka.

Waliolipa vibarua wa Beaune mwaka 1354 hawakuwa na nia ya kupima joto la dunia. Walikuwa wakiweka hesabu za fedha. Lakini kwa kuwa waliandika tarehe, wajukuu wao wana ushahidi mkononi, na mnunuzi wa London au Tokyo asomaye mwaka juu ya chupa anasoma, pasipo kujua, taarifa ya hali ya hewa ya kilima kimoja. Mwaka mbaya unaonekana, na mwaka mwema unalipwa.

Kwetu chupa zinalitaja jina la Dodoma, na hilo ni jema. Ni chache sana zinazotaja shamba. Zabibu za vitongoji mbalimbali huingia katika pipa moja, na shamba la mtu hupotea humo. Tusieleweke vibaya. Kuchanganya si hila. Kiwanda kinataka mvinyo wenye ladha ile ile mwezi hadi mwezi, kwani mnywaji wa kawaida hukasirika akikuta chupa ya leo si kama ya jana. Na katika mwaka wa uozo mchanganyiko ndio unaookoa kilichobaki. Hata huko Ufaransa, wenye kutengeneza shampeni huchanganya miaka kwa desturi. Aidha mkulima mwenye nusu eka hawezi kulijaza pipa peke yake, na pipa lisilojaa huharibu mvinyo kwa hewa. Hoja hizi zina uzito na hatuzipuuzi.

Ila hakuna hata moja kati yake inayozuia kupima kabla ya kuchanganya. Kipo kifaa cha mkononi, kifupi kuliko tochi: unadondosha tone moja la mchuzi juu ya kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma kiwango cha sukari. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Mnunuzi anacho, maana bila hicho hawezi kutengeneza mvinyo. Tunachokitaka ni kifaa hicho kisomwe kando ya mizani, mbele ya macho ya muuzaji, na hesabu iandikwe katika stakabadhi pamoja na kilo. Haki haiwezi kukaa katika kifaa kinachosomwa na upande mmoja.

Na masika yatengwe na kiangazi. Mtu asitake mkulima alipwe bei ya chini katika Agosti kwa sababu zabibu za Machi zilikuwa na maji. Wala tusijidanganye kwamba zabibu za Machi zitafikia bei ya Agosti. Pengine za masika zifaa zaidi kuliwa mbichi, kukaushwa au kutengeneza juisi, na bwana shamba anayelijua eneo lake angewaambia wakulima hivyo kabla hawajapogoa, siyo baada ya kuvuna. Hapo ndipo tunapowaona maofisa wengine wa ugani wamechelewa. Ushauri kuhusu mavuno ya Machi ni ushauri wa Oktoba.

Kuhusu udogo wa mashamba, tazameni tena ukuta ule wa Vougeot. Wamiliki 80, jina moja. Wakulima wetu wengi wamepakana, wana udongo mmoja na mvua moja, na wapo ambao tayari wamelimishwa katika mashamba ya pamoja ya kumwagilia, kama yale ya Chinangali wilayani Chamwino. Shamba la majirani ishirini wenye kupogoa wiki moja na kuvuna wiki moja ni shamba moja machoni pa mzabibu, na linaweza kulijaza pipa. Ushirika tuliozoea kuuona ukikusanya madeni ungeweza kukusanya jina. Hatudai kwamba ni rahisi; wiki moja ya kupogoa kwa watu ishirini yahitaji nidhamu, na atakuwapo mmoja atakayepogoa mapema ili auze kabla ya wenzake. Wenzake watamjua.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mkulima wa zabibu yu dhaifu kuliko wakulima wengine wote mbele ya mnunuzi. Mwenye mahindi hufunga ghala akangoja bei. Mwenye pamba hufunga robota. Zabibu haingoji. Ikiisha iva ina siku chache, na kila siku mnunuzi anayochelewa ni shilingi inayotoka mfukoni mwa mkulima bila risiti. Tumekwisha kuona misimu ambayo zabibu ziliozea mashambani kwa kukosa gari la kuzichukua, na walioziotesha walibaki na deni la mrututu. Hatari ya mvua yote imo mabegani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba mvua ilinyesha.

Karatasi hiyo na aitengeneze mwenyewe. Kipima mvua ni kopo lenye mdomo mpana na mistari ya milimita. Kimoja chatosha kwa majirani ishirini. Daftari la shule ni bei ya kikombe cha chai. Iandikwe mvua ya kila siku, tarehe ya uchanuaji, siku tunda lilipogeuka rangi, siku ubwiri ulipoonekana na dawa ilipopigwa, tarehe ya mavuno, kilo, na sukari iliyosomwa mizanini. Vijana waliomaliza shule na kukaa vijiweni wanaweza kuifanya kazi hii kwa hati nzuri kuliko baba zao. Baada ya misimu mitano mkulima ataingia katika mazungumzo ya bei akiwa na hesabu ya shamba lake, na yule wa upande wa pili wa meza atalazimika kuleta ya kwake.

Mvua zikishaondoka mwezi wa Aprili, mikasi itaingia mashambani kwa ajili ya mavuno ya kiangazi. Daftari lifunguliwe siku hiyo, na mstari wake wa kwanza uwe tarehe ya kupogoa.